Mombasa, Malindi na Kilwa katika vitabu vya miaka 400 iliyopita: sasa vyasomwa bure

Juzi baada ya Alasiri, kijana mmoja wa mtaani kwetu anayesoma chuo kikuu alinijia barazani, simu mkononi na uso umekunjamana. Akaamkia, akakaa, akaanza kulalamika. "Ami, nimepewa kazi ya kuandika juu ya Mombasa ya zama za Wareno. Mwalimu hataki vitabu vya juzi na jana. Ataka maneno ya watu walioandika wakati ule ule. Nitawapata wapi mimi? Kireno sikijui, na kwenda Lisbon siwezi."

Nikamwambia, mwanangu, huna haja ya kwenda Lisbon. Hata kuvuka feri huna haja. Hiyo simu uliyoishika yatosha, ukijua pa kugonga hodi.

Niliyomweleza jioni ile ndiyo nayaandika hapa, kwa sababu baadaye niligundua kuwa si yeye peke yake asiyejua. Walimu wa historia niliowauliza, wawili watatu, nao hawakuwa na habari. Kuna hazina kubwa ya maandishi ya zama zile ambazo Wazungu huziita Renesansi, yaani mwamko wao wa elimu, sanaa na uchapishaji wa karne ya 15 hadi ya 17. Hazina hiyo yaitwa Early English Books Online, na maandishi yake mengi sasa ni ya bure kwa yeyote duniani. Ndani yake sisi tumo. Tumetajwa kwa majina ya miji yetu, mara nyingine kwa wema na mara nyingi kwa ubaya.

Tuanze na ilikotoka. Vitabu vya kwanza kupigwa chapa kwa Kiingereza vilitoka kiasi cha mwaka 1473, kwa mkono wa William Caxton. Tangu hapo hadi mwaka 1700 vilitoka vitabu, vijitabu, hotuba za makanisani, sheria, tamthilia, mashairi na masimulizi ya safari kwa maelfu. Mwaka 1926 wataalamu wawili, Pollard na Redgrave, walitoa orodha ya vilivyosalia hadi mwaka 1640. Kisha Mmarekani mmoja, Eugene Power, akaona kuwa vitabu hivi vimekaa katika maktaba chache za Uingereza, na moto mmoja tu watosha kuvimaliza. Akaanza kuvipiga picha ndogo za filamu, na mwaka 1938 akaanzisha kampuni ya kazi hiyo huko Ann Arbor, Michigan. Haukupita muda Vita vya Pili vikaanza, mabomu yakaanguka London, na watu wakaelewa alikuwa na wasiwasi gani.

Filamu zile ndizo zilizogeuzwa picha za kompyuta mwishoni mwa karne iliyopita. Zaidi ya vitabu 125,000. Lakini picha hizo ziliwekwa nyuma ya mlango wa malipo, na wenye ufunguo walikuwa maktaba za vyuo vikuu vyenye uwezo wa kulipia. Na hata aliyeingia alikuta picha tupu: waweza kuutazama ukurasa, lakini huwezi kuiambia kompyuta "nitafutie neno Mombasa," maana kompyuta haioni maneno, yaona madoa ya wino tu.

Hapo ndipo Chuo Kikuu cha Michigan na kile cha Oxford, pamoja na kampuni yenye picha, walipoungana mwaka 1999 kufanya kazi ya punda: kuvichapa upya vitabu hivyo, herufi kwa herufi. Kazi hiyo waliiita Text Creation Partnership. Kwa nini wasiiachie mashine isome yenyewe? Kwa sababu mashine za kusoma maandishi zilishindwa. Chapa za zamani zilikuwa na herufi ya s ndefu inayofanana na f, u na v zilibadilishana nafasi, i na j vivyo hivyo, wino umevuja upande wa pili wa karatasi, na filamu yenyewe ina mikwaruzo. Basi wakatumiwa watu. Kila kitabu kilichapwa mara mbili, kisha nakala mbili zikalinganishwa, na palipotofautiana pakachunguzwa. Lengo lao lilikuwa kosa lisizidi moja katika kila herufi 20,000. Mimi hapa nikiandika ujumbe wa mistari mitatu wa kumtumia shemeji, makosa ni manne.

Makubaliano yalikuwa kwamba waliotoa fedha watumie kwanza, kisha baada ya miaka maandishi yawe ya watu wote. Ahadi ikatimizwa. Tarehe 1 Januari 2015 vitabu vipatavyo 25,000 vilifunguliwa, na mwaka 2020 vikafunguliwa vingine, jumla ikafika kama 60,000. Si kwa kusoma tu. Waweza kuvichukua, kuvinakili, kuvifasiri kwa Kiswahili na kuvichapisha, wala hakuna wa kukudai. Picha za kurasa bado ni za wenye kulipia, lakini maandishi ni mali ya yeyote.

Yaliyomo ni bahari. Kuna mkusanyo wa tamthilia 36 za Shakespeare uliochapwa mwaka 1623, miaka saba baada ya kufa kwake. Kuna Don Quixote ya Mhispania Cervantes katika Kiingereza cha mwaka 1612, na Machiavelli katika Kiingereza cha mwaka 1640. Na jambo litakalowashangaza wengi, kuna tafsiri ya kwanza ya Qur'ani iliyopigwa chapa kwa Kiingereza, ya mwaka 1649. Haikutoka katika Kiarabu. Ilitolewa katika Kifaransa cha André du Ryer, mtu aliyewahi kuwa mwakilishi wa Ufaransa huko Misri, na mwishoni ikabandikwa onyo refu la kumtahadharisha msomaji asije akadhurika. Mwenye kutaka kujua chuki na udadisi juu ya Uislamu vilivyokaa nyumba moja katika Uingereza ya wakati ule, na asome tafsiri ile pamoja na onyo lake. Sisemi aisome kwa ajili ya dini. Asome ajue tulivyoangaliwa.

Lakini kijana wangu alitaka Mombasa, nami ninataka tufike Mombasa.

Mlango wa kwanza ni Richard Hakluyt. Huyu alikuwa kasisi, na kazi aliyoipenda ni kukusanya habari za mabaharia wa Kiingereza. Kitabu chake kilitoka mwaka 1589, kisha kikapanuliwa kuwa majuzuu matatu kati ya mwaka 1598 na 1600. Humo kuna safari ya James Lancaster, ya kwanza ya Waingereza kupita Rasi ya Tumaini Jema kwenda Bahari ya Hindi kwa biashara. Waliondoka Plymouth mwaka 1591 na meli tatu. Moja ilirudishwa na wagonjwa, moja ikapotea katika dhoruba, ikabaki moja, Edward Bonaventure. Huko Ngazija walipigana na wenyeji walipokwenda kuteka maji, na nahodha wa chombo na mabaharia wengi wakauawa. Mwisho wa Novemba wakatia nanga Unguja, wakakaa hadi Februari 1592.

Hakluyt hakuwako. Aliyapata kwa mdomo wa Edmund Barker, msaidizi wa Lancaster, akayaandika. Na katika masimulizi ya safari ile kuna mambo mawili ambayo kila nikiyasoma huweka simu chini.

La kwanza. Yasimuliwa kwamba walipokuwa wakikaribia Msumbiji walikamata chombo cha wenyeji kinachoitwa "Pangaia". Kimeelezwa hivi: tanga lake moja ni la mkeka wa majani ya mnazi, mbao zake zimeshonwa kwa maganda ya mti na kushikizwa kwa vijiti badala ya misumari. Mzee yeyote wa Lamu au wa visiwa vya Wabajuni akisomewa maelezo hayo atakwambia hicho ni mtepe au nduguye. Baharia wa Kiingereza, ambaye kwake chombo kisicho na msumari ni ajabu ya dunia, ametuachia maelezo ya ufundi wetu ya miaka zaidi ya 400, na hakujua anafanya hivyo.

La pili ni la Unguja kwenyewe. Wareno walikuwa na kituo kidogo pale, nao hawakutaka mshindani. Barker analalamika kwamba waliwaambia wenyeji hawa Waingereza ni watu wakatili, wala watu, na mwenye kupenda roho yake asiwasogelee. Haya, wala watu! Tumezoea kusoma Wazungu wakiwasema Waafrika hivyo. Hapa ni Wazungu wanasemana wenyewe kwa wenyewe, na anayeogopa kuliwa ni Mswahili. Baadaye Waingereza wakakamata chombo kingine, na ndani yake kulikuwa na mtu wa dini ambaye, asema Barker, kwa lugha yao huitwa "Sherife". Ni sharifu, bila shaka. Barker asema walimtendea kwa adabu, na mfalme wa Unguja akafurahi kwa kuwa aliwaheshimu sana watu wa dini, akatoa chakula cha miezi miwili ili aachiliwe.

Sasa hapo simama kidogo. Barker anaandika kana kwamba ni hadithi ya upole. Lakini tazama yeye mwenyewe alivyosema: walimshika, wakamzuia kwao muda wote huo, na alipotoka ilikuwa kwa malipo. Kwa lugha ya mtaani huko ni kuteka mtu na kudai kikomboleo. Maneno yote yamo katika ukurasa wake, hajaficha kitu, ila tu yeye haoni kosa. Hivi ndivyo vitabu hivi vinavyosomwa, kwa kulipima jambo alilolisema mwandishi huku ukijua alikuwa amesimama upande gani wa jahazi. Sharifu mwenyewe hakutajwa jina. Waliomngojea nyumbani hawakuulizwa.

Mrithi wa Hakluyt ni Samuel Purchas, aliyetoa mkusanyo mkubwa zaidi mwaka 1625. Huyo anatusaidia hasa sisi tusiojua Kireno, kwa sababu alifasiri na kufupisha waandishi wa nje. Ndani yake kuna sehemu za João dos Santos, padri wa Kidominika aliyekaa miaka katika pwani ya Msumbiji na kitabu chake kikachapwa Évora mwaka 1609. Kwake ndiko hutoka sehemu kubwa ya habari ya Wazimba, kuingia kwao Mombasa mwaka 1589, na kukamatwa kwa yule Mturuki Mir Ali Bey. Habari hiyo imekaririwa katika kila kitabu cha shule, mpaka watu wakadhani imeshuka kama ilivyo. Isome kwa mwenyewe uone jinsi ilivyo habari ya mtu mmoja, mwenye dini yake na mfalme wake, na mengine kasimuliwa.

Purchas na wenzake pia wana habari ya meli ya Ascension iliyofika Pemba mwishoni mwa mwaka 1608. Mmoja wa waliokuwamo, Robert Coverte, alitoa kijitabu chake mwenyewe mwaka 1612. Hapo mambo hayakuwa ya sharifu na chakula cha miezi miwili. Damu ilimwagika, na Waingereza walimlaumu kila mtu ila nafsi zao.

Na kuna John Pory. Mwaka 1600 alikifasiri kwa Kiingereza kitabu cha Afrika cha al-Hasan al-Wazzan, yule msomi aliyezaliwa Granada, akalelewa Fes, akatekwa baharini na kupelekwa Roma, ambaye Wazungu humwita Leo Africanus. Al-Wazzan hakufika kwetu wala hakuiandika pwani yetu. Pory akaona hilo ni pengo, akaliziba mwenyewe kwa kuongeza sura za Malindi, Mombasa, Kilwa na kwingineko, akichota kwa Wareno na Wataliano. Watu wengi huchanganya hapa, wakasema "Leo Africanus amesema hivi juu ya Mombasa." Hakusema. Ni Pory, aliyekaa Uingereza. Ukiona mtu katika makundi ya WhatsApp anakusambazia maneno hayo, muulize ukurasa.

Kutoka vitabu hivi majina yetu yakaingia hata katika fasihi yao. Mshairi wa Ureno, Luís de Camões, alitoa Os Lusíadas mwaka 1572, na Richard Fanshawe akaifasiri kwa Kiingereza mwaka 1655. Shujaa wake ni Vasco da Gama, na safari ya mwaka 1498. Katika shairi lile Mombasa ni mji wa hila na mitego, na Malindi ni mji wa ukarimu, mfalme wake amekaa anasikilizishwa historia nzima ya Ureno. Sababu iko wazi kwa anayejua siasa ya wakati ule. Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu, Malindi ikaona Mreno atamfaa dhidi ya jirani, ikafanya naye urafiki. Mombasa ikakataa, ikachomwa moto mwaka 1505 na tena baadaye. Aliyechomewa mji ndiye akaandikwa mwenye hila. Mimi ni mtu wa Mombasa, mtanisamehe kama nimepandwa na hamaki kidogo, lakini sifa hiyo tuliyopewa na mshairi imesafiri karne nne na zaidi, na watoto wetu bado waifundishwa kama habari.

Hata Mwingereza John Milton, kipofu, alipotoa shairi lake kuu Paradise Lost mwaka 1667, alimpandisha Adamu mlimani aonyeshwe falme za dunia zitakazokuja, na katika orodha hiyo zimo Mombasa, Kilwa, Malindi na Sofala. Hakutusifu wala hakututukana. Alitutaja kama miji ambayo msomaji wake wa London angeijua kwa jina. Hilo nalo ni ushahidi.

Msidhani basi hizi zama za Renesansi ni za watu wa Florence na London peke yao. Fort Jesus tunayopita kila siku ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milan, na ujenzi ukaanza mwaka 1593. Umbo lake, ukilitazama kwa juu, lafuata fikira ya wasanii wa Italia wa enzi hizo kwamba jengo kamili lafanana na mwili wa mwanadamu. Mawe na matumbawe yakawa ya hapa kwetu.

Sasa namna ya kutafuta, maana hapa ndipo wengi hukata tamaa. Kijana wangu aliandika "Mombasa", akapata machache, akataka kufunga. Nikamwambia andika "Mombaza". Yakamwagika. Wakati ule hakukuwa na tahajia moja. Malindi tafuta "Melinde" na "Melind". Kilwa ni "Quiloa". Mogadishu ni "Magadoxo". Pwani nzima huitwa "Zanguebar". Lamu mara nyingine ni "Lamo". Mwislamu yeyote, awe Mwarabu, Mswahili au Mhindi, ataitwa "Moore", kwa hivyo usikimbilie kusema mwandishi anamkusudia nani. Maandishi yenyewe yamewekwa na Chuo Kikuu cha Michigan, hayahitaji nywila wala kujiandikisha, na kwa kuwa ni maneno tu bila picha, hayali bando. Penye nukta nene katikati ya neno, jua herufi ile haikusomeka katika filamu.

Na utakutana na jambo litakalokukera kama lilivyonikera. Penye maneno ya Kiarabu katika kitabu cha asili, wachapaji wa Michigan na Oxford hawakuyachapa. Waliacha alama ya kusema hapa pana herufi zisizo za Kilatini, wakaendelea. Nawaelewa, kazi ilikuwa kubwa na wachapaji hawakuzijua herufi hizo. Lakini kwa watu wa pwani, ambao kwa karne nyingi tuliandika Kiswahili chetu kwa herufi za Kiarabu, kuona mahali petu pamewekwa alama ya pengo si jambo dogo.

Kijana akaniuliza swali nililokuwa nalingoja. "Ami, na sisi wenyewe twasemaje? Mbona wote hawa ni wageni?"

Vitabu hivi ni vya Kiingereza vilivyopigwa chapa, na sisi hatukuwa na matbaa. Tuliandika kwa mkono, katika nchi ya joto, chumvi na mchwa. Miongoni mwa miswada ya zamani zaidi ya Kiswahili iliyobaki ni ule wa Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, kazi ya Bwana Mwengo wa Athman wa Pate, na mswada wenyewe uko Ujerumani. Ya kabla ya hapo yaliyo mengi yameliwa. Ila kazi imeanza. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, imepigwa picha za kompyuta chini ya mpango wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, na picha zimewekwa wazi kwa wote. Ile ya SOAS, London, iliyokusanywa kutoka pwani hii, nayo imeorodheshwa na mingi kupigwa picha. Ni mia kadhaa hapa na pale mbele ya 60,000 za wenzetu, na karibu yote ni picha tu. Bado hakuna aliyekaa kuichapa herufi kwa herufi, mara mbili, na kulinganisha, ili mtoto wa Kisauni aweze kuandika neno na kulipata.

Watu wa kuifanya kazi hiyo tunao. Madrasa zetu zimejaa vijana wanaosoma Kiarabu bila kituo, na wengi wao wanachapa kwa simu kwa kasi ya ajabu. Na masanduku bado yako juu ya makabati majumbani, nayajua mawili mtaani kwangu peke yake, moja lilivujiwa na maji masika yaliyopita na hakuna aliyelifungua tangu hapo.

Kijana aliondoka kabla ya Magharibi. Usiku akanitumia ujumbe: amepata Mombaza mara nyingi hata hajui aanzie wapi, na amemwona yule sharifu wa Unguja. Ataka kujua kama kuna njia ya kumtambua ni nani.

Nimemwambia aanze kwa kuuliza masharifu wa Unguja wenye nasaba zilizoandikwa. Mwaka ni 1591 hadi 1592. Kama kuna jamaa ana karatasi inayotaja mzee aliyeshikwa na meli ya Wazungu wakati huo, atuandikie.